Tafuta Daktari wa Mbwa na Paka Wako Kabla Hawajaugua

Ukimuuliza jirani wa Gatuanyaga au Mugutha akuelekeze kwa daktari wa wanyama, hatakosa namba. Shida ni kwamba mara nyingi atakupa ya daktari wa ng'ombe. Hii ni Kiambu, kaunti ya maziwa. Kiwanda cha Brookside kiko Ruiru, Githunguri haiko mbali, na yule daktari unayemwona na pikipiki alfajiri anakimbilia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa au aliyevimba kiwele. Ni mtu wa maana sana. Lakini paka dume anayejikamua siku nzima bila kutoa tone la mkojo ni kazi nyingine kabisa. Usipopata anayeijua kazi hiyo mapema, siku mbili tatu zinatosha kumpoteza.

Kwa hivyo chagua daktari leo, mnyama akiwa mzima na anakula. Ukingoja hadi aanze kutapika damu, utamchukua yeyote atakayeshika simu na utalipa bei yoyote atakayotaja.

Mjue unayempa mnyama wako

Anza na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB. Inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011, na anayetibu wanyama kama kazi anapaswa kusajiliwa nayo. Ingia kwenye tovuti yake utafute jina. Usipoliona, mwombe mhusika namba yake ya usajili. Aliye halali ataitoa hapo hapo. Anayeanza kukueleza amefanya kazi hii miaka mingi na kila mtu mtaani anamjua, mshukuru uende zako.

Bodi husajili makundi mawili, na ni vizuri ujue uko mbele ya nani. Kuna madaktari wenye shahada ya tiba ya mifugo, wengi wao wamepitia Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Kuna pia wahudumu wasaidizi, wengi wakiwa na cheti au diploma kutoka vyuo vya mifugo vya AHITI kama Kabete, Ndomba na Nyahururu. Msaidizi mzuri atakudungia mbwa chanjo na kumpa dawa ya minyoo bila wasiwasi. Upasuaji ni wa daktari. Uliza waziwazi: siku ya kumfunga mbwa wangu uzazi, nani atashika kisu, na nani atamwangalia akiwa usingizini?

Kisha nenda ukaione kliniki kwa macho yako. Mpeleke mnyama kwa jambo dogo, kama kupimwa uzito au kupewa dawa ya minyoo. Utalipa kidogo na utaona mengi.

Angalia mizani. Dozi ya karibu kila dawa inakwenda kwa kilo. Daktari anayekisia uzito kwa macho anakisia na dozi. Angalia pia kama anampima joto, anamfungua mdomo na kumpapasa tumbo kabla ya kufikia sindano. Ukiona sindano imejazwa kabla mbwa hajaguswa, hapo bado unatafuta.

Uliza kuhusu friji. Chanjo zinahitaji kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na sote tunajua jinsi stima inavyopotea huku kwetu. Anafanya nini ikipotea usiku mzima? Jibu zuri ni jenereta, betri, au kasha la barafu na kipimajoto ndani. Akija kuchanjia nyumbani, chanjo itoke kwenye kasha lenye barafu, isitoke mfukoni. Mwombe akuonyeshe chupa, usome tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha kile kibandiko cha chupa kibandikwe kwenye kadi na yeye atie sahihi. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu, bila kibandiko wala muhuri, haikuambii mbwa alidungwa nini.

Kama una paka, uliza swali moja zaidi: kwa wiki unaona paka wangapi? Paka si mbwa mdogo. Kuna dawa mbwa anazimeza bila shida na paka zinamuua, na daktari ambaye huona paka mara moja kwa mwezi anaweza kujisahau.

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote: kesi ikikushinda, unaipeleka wapi? Anayekujibu kwa jina la mahali ni mtu wa kumshikilia. Huenda akakutajia kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, wanakofundishwa madaktari. Kutoka Ruiru unaingia Northern Bypass, unafika Ruaka, unashika Western Bypass, na hujagusa msongamano wa mjini. Anayekuambia hakuna kinachomshinda, mwogope.

Chukua madaktari wawili. Mmoja wa karibu, wa mambo ya kawaida. Mwingine mwenye kliniki kubwa yenye maabara na mahali pa kulaza, hata kama iko mbali kidogo. Wa karibu awe karibu kweli: ukiwa Makongeni, kliniki ya Kahawa Sukari haikusaidii Ijumaa jioni barabara ikiwa imejaa. Piga simu zao Jumapili jioni uone nani anashika. Hapo utajua nani atashika saa nane usiku.

Usafiri pia upange mapema. Matatu nyingi hazitaki mbwa. Tafuta mwenye teksi au tuktuk aliye tayari, mkubaliane bei, uhifadhi namba yake. Paka anatosha kwenye kikapu chenye kifuniko au katoni yenye matundu, na taulo ndani. Usimbebe mkononi kwenye bodaboda. Honi moja ya lori na umemkosa.

Pesa: pale zinapovuja

Watu wengi hulalamikia bei ya daktari, na kweli wako wanaozidisha. Lakini bili zinazovunja mgongo hazitokani na ushauri au chanjo. Zinatoka kwenye mambo manne yanayojulikana: parvo, kupe, uzazi, na dawa za kubahatisha. Ukiyabana hayo, umebana sehemu kubwa ya gharama.

Parvo kwanza, kwa sababu ndiyo inayotoa watu machozi. Mtoto wa mbwa anaacha kula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu mbaya ajabu. Matibabu ni dripu na kulazwa siku kadhaa, na bado anaweza kufa. Kinga ni chanjo ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha kurudia kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Hapo mwisho ndipo wengi wanapokosea. Anadungwa mara moja, mwenyewe anaona kazi imeisha. Kinga aliyopata kwa maziwa ya mama inaweza kuizuia chanjo ya mapema isishike, ndiyo maana lazima irudiwe. Mpaka amalize, asitembezwe barabarani wala asicheze na mbwa usiowajua.

Ukinunua mtoto wa mbwa na ukaambiwa "ameshadungwa", omba kadi yenye kibandiko. Bila kadi, hesabu kwamba hajadungwa, na mpeleke kwa daktari wiki hiyo hiyo. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na kama parvo imeua mbwa kwenye ploti yako, usilete mwingine mdogo mwezi unaofuata. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Osha sakafu na vyombo kwa sabuni, kisha kwa Jik iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo 30 vya maji, uache ikae dakika 10 kabla ya kusuuza. Udongo hauoshwi hivyo. Chukua mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa, au mtoto ambaye amemaliza chanjo zake huko alikotoka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ina njia zake za kuokoa pesa. Kaunti na washirika wake hufanya kampeni za kuchanja bure au kwa bei ndogo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tangazo hupita kwa chifu, kanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa. Usingoje likufikie. Nenda ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, Thika au Ruiru, mwezi Agosti, uulize tarehe na mahali. Mbwa adungwe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Ukikosa kampeni, ungana na majirani. Chanjo hii huja pia kwenye chupa za dozi 10, na ikifunguliwa kwa mbwa mmoja, zile nyingine 9 zina mtu wa kuzilipia. Mtu huyo ni wewe. Kusanya mbwa na paka wa korti yenu Membley au Ngoingwa, mwite daktari Jumamosi asubuhi moja, na mkubaliane bei kwa kila mnyama kabla hajaondoka kwake. Mafuta ya gari mtagawana, na hakuna anayepanga foleni.

Usiruke chanjo hii hata mwaka mmoja mgumu. Mbwa akimuuma mtu, jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, Thika Level 5 au Ruiru Level 4. Sindano za binadamu ni kadhaa na zina ratiba. Dozi moja ya mbwa wako ni rahisi mno ukilinganisha na hizo, na kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayerudi.

Sasa kupe. Mvua za Machi hadi Mei zikikatika na majani yakasimama kwenye viwanja vitupu vya Kimbo na Witeithie, kupe wanafanya sherehe. Wanaleta babesia na ehrlichia, na mbwa wengi wa huku huugua moja au zote mbili. Jifunze kukagua: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Fanya hivyo kila Jumapili. Vuta mdomo wa juu uangalie ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Ukiwa mweupe au wa njano, au mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, au pua ikitoa damu, usingoje kesho.

Dalili hizo zikitokea, mwombe daktari apime damu kwa hadubini kabla ya vipimo vikubwa. Ni tone moja kwenye kioo, si ghali, na mara nyingi vijidudu vya babesia huonekana hapo hapo. Asipoona kitu na mbwa bado yuko vibaya, ndipo mzungumzie vipimo vingine. Na ukipewa doxycycline ya wiki 4, impe wiki 4. Mbwa huchangamka baada ya siku chache, mwenyewe anaacha dawa, ugonjwa unarudi na unalipa mara ya pili.

Kuzuia kupe kunalipa. Kola, matone ya mgongoni, au vidonge, chagua kinachokaa kwenye mfuko wako, lakini ushikilie ratiba yake. Kidonge cha miezi 3 kinaweza kuonekana ghali dukani. Kigawe kwa miezi, ukilinganishe na sabuni ya kupe unayonunua kila wiki mbili, ndipo useme.

Hapa nikuonye kuhusu agrovet. Siwasemi vibaya, wengi wana bei nzuri ya dawa ya minyoo na ya kupe, na nunua huko ukishajua unachotaka. Tatizo ni kumwacha muuzaji awe daktari. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya mbwa, na yenye amitraz au permethrin isimkaribie paka kabisa. Ivermectin ya mifugo, ambayo wengi huidunga mbwa mwenye upele, inaweza kuwaua Collie na baadhi ya German Shepherd na machotara wao, kwa sababu kasoro ya kurithi huiruhusu iingie kwenye ubongo wao. Na ni German Shepherd wangapi wanalinda mageti ya Thika?

Dawa zako za nyumbani ziache kabatini. Panadol moja inaweza kumuua paka. Ibuprofen na diclofenac zinachoma tumbo na figo za mbwa. Mtu humpa mbwa anayechechemea nusu kidonge kwa huruma, kisha anaishia kulipia kidonda cha tumbo badala ya mguu.

Uzazi ni hesabu unayoifanya mara moja. Mbwa jike asiyefungwa anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi, na upasuaji wa dharura wa usiku ni ghali kuliko ule uliopangwa. Anayezurura anaweza pia kurudi na uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao ni wa kawaida sana kwa mbwa wetu na hutibiwa kwa sindano za saratani, wiki baada ya wiki. Halafu kuna watoto 8 unaowatafutia nyumba, kila mmoja akitaka minyoo na chanjo. Karibu na miezi 6, ongea na daktari. KSPCA, shirika la ustawi wa wanyama lililo Karen, limefanya kazi ya kuhasi kwa bei nafuu kwa muda mrefu, wapigie uulize. Uliza pia daktari wako kama ana siku za punguzo. Wanyama watatu wa jirani kwa siku moja ni sababu nzuri ya kupunguziwa.

Sufuria ya mbwa

Chakula hakihitaji kuwa cha dukani. Ugali, omena iliyooshwa mchanga na mboga kidogo vinamweka mbwa vizuri. Mapafu ya bucha ni rahisi, lakini yachemshe mpaka yaive ndani kabisa, kwa sababu mbichi humletea minyoo inayoweza kuwafikia watoto wako. Mifupa ya kuku iliyopikwa tupa. Mchuzi uliojaa vitunguu pia usimpe. Vinaharibu damu yake.

Jambo moja usilifanyie mzaha: mahindi ya "kusagia mbwa". Ni yale yaliyobadilika rangi, yenye ukungu, ambayo mwenye posho mill anauza bei ya chini. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi Makueni na Kitui. Mbwa anadhurika na sumu hiyo kwa urahisi kuliko ng'ombe, na ini likiharibika hakuna dawa ya kulirudisha. Kupika hakuiondoi. Kama wewe usingeyala, na yeye asiyale.

Kwenye kaunta

Kabla mnyama hajatibiwa, omba bei kwa vipande: ushauri, vipimo, dawa, kulaza kwa usiku mmoja. Iandikwe. Bili ya jumla moja haikuonyeshi pa kupunguza.

Taja kiwango chako bila aibu. Sema hivi: "Daktari, leo nina shilingi 4,000. Tuanze na nini kilicho cha lazima, na nini kinaweza kungoja?" Daktari mzuri amezoea swali hilo na atakupangia. Akimlaza, mwambie akupigie kabla ya kuongeza chochote nje ya mliyokubaliana.

Uliza kama kuna dawa ile ile ya kampuni nyingine kwa bei ndogo. Uliza pia kama anaweza kukuandikia ukanunue mwenyewe. Wengine wanakubali.

Malipo ya awamu yapo, ila huwa ni kwa anayejulikana. Aliyeletwa mara ya kwanza akiwa mahututi, mwenyewe hajulikani anakotoka, ataombwa pesa mbele. Anayekuja kila mwaka na kadi yake hupewa muda.

Weka akiba ya mnyama kando na ya nyumba. Shilingi 20 kwa siku ni 600 kwa mwezi, na mwaka ukiisha una 7,300. Itie kwenye akiba ya M-Shwari, uisahau. Ikitimiza mwaka bila dharura, itumie kulipia chanjo na dawa za kupe, kinachobaki kiendelee.

Lipa kwa till ya kliniki, si kwa namba ya mtu binafsi, na udai risiti. Piga picha kadi ya chanjo, risiti na majibu ya vipimo, uvitume kwenye WhatsApp yako mwenyewe. Ukihama kutoka Thika hadi Ruiru, au daktari wako akihama, yule mpya hataanza vipimo upya kwa pesa zako. Kukitokea uzembe, hizo ndizo karatasi utakazopeleka KVB, ambako malalamiko dhidi ya waliosajiliwa husikilizwa. Andika tarehe, dawa iliyotolewa na nani aliyeitoa, na uandike siku hiyo hiyo.